Mlango wa Kutokea: Uganda, Kongo na Mkataba wa Luanda

Tarehe 6 Septemba 2002, mjini Luanda, Rais Yoweri Museveni wa Uganda na Rais Joseph Kabila wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walitia saini mkataba wa kuyaondoa majeshi ya Uganda katika ardhi ya Kongo. Shahidi wao alikuwa Rais José Eduardo dos Santos wa Angola. Zingatia jambo hilo, kwani Angola ndiyo iliyopeleka askari wake kuitetea Kinshasa dhidi ya Uganda na Rwanda vita vilipozuka Agosti 1998.

Uganda ilidai kwamba iliingia Kongo kuwasaka waasi wa ADF waliojificha katika milima ya Rwenzori. Lakini mtu anayelinda mpaka wa Rwenzori ana shughuli gani Kisangani, mamia ya kilomita ndani ya nchi ya jirani? Huko, Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda, yaliyoingia vitani yakiwa marafiki, yalipigana kwa siku sita katikati ya mji wa watu. Mamia ya raia waliuawa. Tarehe 16 mwezi huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliyataka yote mawili yatoke. Kwa serikali iliyotegemea sana fedha za wahisani, vita vilikuwa vimekwisha kuwa mzigo.

Mbona basi haikutoka mara moja? Mkataba wa Lusaka wa Julai 1999 ulikuwa umewafunga wote pamoja: kuondoka kwa majeshi ya kigeni kuliambatana na kunyang'anywa silaha kwa vikundi vya waasi. Kila mmoja akawa anamngoja mwenzake. Rwanda ilikata fundo hilo kwa kuzungumza na Kongo peke yake, huko Pretoria, Julai 2002. Uganda ikafuata.

Hapa Kiswahili kitatusaidia. Kuna kuondoka, kuna kuondolewa, na kuna kujiondoa. Kazi ya Luanda ilikuwa kuifanya Uganda ionekane inajiondoa. Ndiyo maana mkataba uliiruhusu kubakiza askari katika miteremko ya Rwenzori hadi nchi hizo mbili zitakapokubaliana jinsi ya kuulinda mpaka. Ile sababu ya kwanza ya vita ikapewa kifungu chake, na Rais Museveni akapata neno la kuwaambia wananchi wake. Binafsi naona kifungu hicho kilikuwa bei ndogo.

Bei kubwa ililipwa na watu wa Ituri. Huko, chini ya ukaliaji wa Uganda, uhasama wa Wahema na Walendu ulikuwa umegeuka vita vya wanamgambo wenye bunduki. Mkataba ulitaja kamati ya kuleta amani, na ratiba ya kuondoka ikasogezwa mbele mjini Dar es Salaam, Februari 2003. Askari wa Uganda walipotoka Bunia mwezi Mei, wanamgambo waliugombea mji na mamia ya watu wakauawa, hata Umoja wa Ulaya ukaleta kikosi kilichoongozwa na Ufaransa.

Tena, saini haikufuta deni. Mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, Uganda ilijitetea kwamba Lusaka iliipa idhini ya kukaa. Majaji walikataa: ratiba ya kutoka si kibali cha kuwepo. Hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005 ilisema Uganda ilivunja sheria ya kimataifa, na tarehe 9 Februari 2022 ikaamriwa kulipa fidia ya dola milioni 325, kwa awamu tano.

Wakati amri hiyo ikisomwa, askari wa Uganda walikuwa wamekwisha kuuvuka mpaka tena tangu Novemba 2021, safari hii kwa idhini ya Kinshasa, wakiwasaka ADF wale wale. Operesheni hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Shujaa.