Nani Anamshirikisha Nani?

Mwaka 2005 nyasi bandia zilitandikwa juu ya kiwanja kitupu katikati ya Silver Spring, mji wa pembezoni katika jimbo la Maryland, Marekani, unaopakana na Washington upande wa kaskazini. Zilikuwa za muda tu. Kiwanja kilikuwa kikisubiri ujenzi wa ukumbi wa umma pamoja na uwanja wa sakafu ngumu. Lakini watu walizipenda nyasi zile. Watoto walicheza juu yake, vijana wakakutana hapo baada ya masomo, familia zikaketi kula na kupunga upepo. Wakati wa ujenzi ulipowadia, baadhi ya wakazi waliiomba serikali ya kaunti izibakize. Kaunti ikashikilia mpango wake, na mwaka 2010 ukafunguliwa ukumbi wenye uwanja uitwao Veterans Plaza, ambao sehemu yake iliandaliwa kugeuzwa kiwanja cha kuteleza juu ya barafu majira ya baridi.

Mtaalamu wa mipango miji anayeandika kwa Kiswahili akitaka kueleza kisa hiki, mkono wake utakwenda wenyewe kwenye neno moja: ushirikishwaji. Nchini Tanzania huandikwa “ushirikishwaji wa wananchi”, na Kenya “ushirikishwaji wa umma”. Limo katika ripoti za halmashauri, katika hotuba za mawaziri na katika mabango yanayotangaza miradi ya barabara. Ni istilahi iliyokwisha kukubalika, na inafanya kazi. Ila wale watu waliokaa juu ya nyasi hakuna aliyewashirikisha. Walikuja wenyewe.

Hapo ndipo istilahi hii inapodai kutazamwa kwa makini. Kiingereza, ambacho kimetuletea dhana hiyo kwa njia ya sheria na miradi ya wafadhili, kinatumia nomino isiyosema nani ameanza. Mtu anaweza kuitwa kwenye mkutano au akaja na bango lake bila kuitwa, neno likabaki lilelile. Kiswahili hakiruhusu ukimya huo. Kitenzi cha msingi ni kushiriki; ukikiongezea kiambishi cha kusababisha unapata kushirikisha, na ukikiongezea cha kutendwa unapata kushirikishwa, ambacho ndicho kilichozaa ushirikishwaji. Kwa hiyo ndani ya neno lenyewe wamo watu wawili: anayeshirikisha na anayeshirikishwa. Wa kwanza ana kalamu, ana ajenda, ana ratiba ya kikao. Wa pili anangoja mwaliko. Ushiriki, kwa upande wake, una mtu mmoja tu, yule anayetenda.

Mzizi nao una uzito wake. Umetoka kwenye Kiarabu, ambako unahusu ubia na kumiliki kitu kwa pamoja, na jamaa zake wa Kiswahili wameibeba maana hiyo: shirika, ushirika, mshirika. Mkulima wa kahawa aliyekuwa mwanachama wa chama cha ushirika alijua kwamba ushirika ni hisa, ni sauti katika mkutano mkuu na ni sehemu ya faida. Mtu mwenye hisa hazungumziwi kama mgeni aliyealikwa kutoa maoni kisha akashukuriwa na kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Waandishi wa Katiba ya Tanzania walilijua pengo kati ya kushiriki na kushirikishwa, au angalau lugha yao ililijua. Ibara ya 8 inasema kwamba wananchi watashiriki katika shughuli za serikali yao, kwa kitenzi cha msingi kisicho na mtu wa kuwashika mkono. Ibara ya 146, inayohusu serikali za mitaa, inaweka vitenzi vyote viwili pamoja: vyombo hivyo vina haki na mamlaka ya kushiriki, na ya kuwashirikisha wananchi, katika mipango ya maendeleo ya sehemu zao. Ile ya 8 inamtaja mwananchi anayetenda, ile ya 146 inataja mamlaka ya chombo cha dola. Matumizi ya kila siku yameuchukua upande wa chombo na kuuacha kando upande wa mwananchi, hata leo neno ushirikishwaji linatumika kutaja yote mawili.

Tofauti hii inaonekana wazi zaidi tukiileta kwenye maandishi yanayotajwa kuliko yote katika fani hii. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, ambaye alikuwa amefanya kazi katika wizara ya nyumba na maendeleo ya miji ya Marekani, alichapisha makala kuhusu ngazi ya ushiriki wa wananchi. Miji ya Marekani ilikuwa imetoka kwenye miaka ya kubomoa mitaa mizima kwa jina la kuihuisha, na sheria mpya za miaka ya 1960 zilikuwa zimedai kwamba maskini nao wawe na sauti. Arnstein alitaka kujua ni sauti ya kiasi gani. Ngazi yake ina vidato vinane, na kwa Kiswahili vinaweza kuitwa hivi, kuanzia chini: kughilibiwa, kutibiwa, kuarifiwa, kuombwa maoni, kupozwa, ubia, madaraka yaliyokasimiwa, na mamlaka ya wananchi.

Msomaji ataona kwamba vidato vitano vya chini vyote ni vitenzi vya kutendwa. Hilo halikupangwa, limejitokeza lenyewe katika kutafsiri, nalo linasema kweli. Viwili vya kwanza Arnstein hakuvihesabu kuwa ushiriki hata kidogo: katika kimoja watu huwekwa kwenye kamati ya pambo, katika kingine hutazamwa kama wagonjwa wanaohitaji kutulizwa akili. Kuanzia cha tatu hadi cha tano ni ushiriki wa jina. Kupozwa ni neno ambalo Kiswahili kinalo tayari kwa ukamilifu, kwa maana mtu anayepozwa hupewa kitu kidogo ili hasira yake ishuke; katika mipango miji kitu hicho huwa ni viti viwili katika bodi yenye wajumbe kumi na tano. Nguvu halisi huanza kwenye kidato cha sita, ubia, pale ambapo upande wa pili hauwezi kuamua peke yake.

Katika makala hiyo Arnstein aliweka pia picha ya bango la wanafunzi wa Ufaransa la mwaka 1968. Bango linachukua kitenzi cha kushiriki na kukipitisha katika nafsi moja baada ya nyingine, mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, kama zoezi la shuleni. Kwenye nafsi ya mwisho kitenzi kinabadilika: wao hawashiriki, wao wanafaidi.

Turudi Silver Spring, kwa sababu mji huu una vidato karibu vyote. Kwanza, kisheria si mji. Kwa sensa ya mwaka 2020 ulikuwa na wakazi zaidi ya 81,000, lakini hauna meya wala baraza lake. Unatawaliwa na kaunti. Kituo cha treni za mjini kilifunguliwa mwaka 1978, lakini maduka ya katikati ya mji, yaliyokuwa yakivuta wanunuzi tangu miaka ya 1940, yaliendelea kufungwa moja baada ya jingine. Jumba la sinema la Silver, lililojengwa mwaka 1938, lilifungwa katikati ya miaka ya 1980, na wamiliki wakawa tayari kulibomoa. Waliolipigania ni wakazi na chama cha wapenzi wa usanifu wa enzi hiyo. Hawakuwa wamealikwa kwenye kikao chochote. Walisimama, wakaandika barua, wakadai jumba liorodheshwe na kuhifadhiwa, na mwaka 2003 likafunguliwa upya kama ukumbi wa Taasisi ya Filamu ya Marekani. Huo ulikuwa ushiriki usio na ushirikishwaji, na bila huo mji leo ungekuwa na shimo mahali penye jengo lake zuri kuliko yote.

Katikati ya miaka ya 1990 likaja pendekezo la aina nyingine: kampuni iliyokuwa nyuma ya maduka makubwa ya Mall of America ilitaka kujenga jumba kubwa la biashara na burudani, lenye hata bwawa la mawimbi, likipewa jina la American Dream. Mjadala ulikuwa mkali, fedha hazikueleweka, na mwaka 1996 mpango ukafa. Kaunti ikabadili njia. Wakazi na wafanyabiashara waliwekwa kwenye kamati zilizojadili mji unataka kuwa nini, na kilichojengwa baada ya hapo kilikuwa mitaa ya kawaida yenye maduka, sinema na migahawa, ambayo mtu anaweza kuitembea kwa miguu. Huo ni ushirikishwaji uliofanywa kwa dhati, nao unastahili jina hilo.

Lakini hata kazi nzuri ya kikao haimalizi suala. Mwaka 2007 mpiga picha mmoja alizuiwa na mlinzi kupiga picha kwenye Ellsworth Drive, barabara kuu ya mradi ule mpya. Kaunti ilikuwa imeikodisha barabara hiyo kwa mwendelezaji. Wakazi waliandamana na kamera zao tarehe 4 Julai, na mwanasheria wa kaunti akatoa maoni kwamba mahali pale ni pa umma na haki za umma zinatumika. Mikutano mingi ilikuwa imezungumzia sura ya mtaa ule. Swali la nani ana mamlaka juu yake lilijibiwa baadaye, na watu waliokuja bila kuitwa.

Ng’ambo ya mto Potomac, katika Kaunti ya Arlington, Virginia, wataalamu wa mipango miji walijaribu njia iliyo wazi zaidi. Mwaka 2002 waliitisha warsha ya usanifu kuhusu barabara ya Columbia Pike: siku kadhaa mfululizo, wasanifu wakichora na wakazi wakiangalia, wakipinga, wakirekebisha. Wamarekani huziita warsha hizo kwa neno la Kifaransa lenye maana ya mkokoteni, ule uliozunguka Paris kukusanya michoro ya wanafunzi wa usanifu muda wao ulipokwisha. Kwa Kiswahili “warsha ya usanifu” inatosha kabisa, na inaeleweka hata kwa asiyejua hadithi ya mkokoteni. Matokeo yake yalikuwa kanuni mpya ya ujenzi, iliyopitishwa Februari 2003, inayoeleza kwa michoro urefu wa majengo, umbali wake kutoka barabarani na sura ya upande wa mbele. Mwendelezaji wa kiwanja kidogo anayefuata kanuni hupata kibali kwa haraka, takriban siku 30, bila mlolongo wa vikao kwa kila jengo.

Yaani sauti ya mkazi huwekwa mwanzoni, kisha kanuni inasema kwa niaba yake. Hilo lina faida kubwa, kwa kuwa mtu anazungumzia mtaa mzima kabla hajachoka. Lina hatari yake pia, hasa kwa mpangaji aliyehamia miaka mitano baadaye. Anakuta mazungumzo yamekwisha, na jibu limo ndani ya kitabu cha kanuni.

Suala la nani alikuwapo chumbani lina takwimu zake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, Katherine Einstein, David Glick na Maxwell Palmer, walipitia kumbukumbu za mikutano ya mipango na ujenzi wa nyumba katika miji 97 ya mashariki ya Massachusetts, mingi ikiwa miji ya pembezoni. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba waliosimama kuzungumza walikuwa na umri mkubwa zaidi kuliko wapigakura kwa jumla, wengi zaidi wanaume, wengi zaidi wenye nyumba zao. Asilimia 15 hivi tu ndio waliounga mkono nyumba zilizopendekezwa. Zaidi ya asilimia 60 walipinga. Waliohitaji nyumba hizo hawakuwapo.

Kwa sababu hiyo sehemu ya pili ya istilahi yetu inahitaji uangalifu sawa na ya kwanza. “Wananchi” ni neno zuri katika siasa za taifa, lakini katika mji kama Silver Spring, wenye maelfu ya wahamiaji kutoka El Salvador na Ethiopia, linawaacha nje wengi wanaolipa kodi ya nyumba na kununua mboga pale pale. “Wakazi” linawaingiza wote, mwenye nyumba na mpangaji. “Wadau” ndilo la kuogopwa, kwa maana linamweka mwenye kampuni ya ujenzi na mama muuza nyanya kwenye benchi moja kana kwamba wamekuja na uwezo sawa.

Kenya imelipeleka suala la ushirikishwaji mahakamani. Katiba ya mwaka 2010 imeuweka ushiriki wa watu miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10, na mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga aliona kwamba tangazo la gazetini halitoshi. Kaunti ilipaswa kuwafuata watu wanakokutana, makanisani, misikitini, kwenye redio za lugha za wenyeji na kwenye mabaraza. Hukumu iliandikwa kwa Kiingereza, na neno baraza likaingia humo kwa Kiswahili chake.

Tanzania ina kidato cha juu ambacho hutajwa mara chache katika mijadala hii. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Hiyo ni idhini, na anayeiomba anaweza kunyimwa. Kijiji cha pembezoni kinapomezwa na jiji na kugeuzwa mtaa, watu walewale, wakikaa chini ya mwembe uleule, wanabaki na nafasi ya kutoa maoni tu, kwa kuwa mamlaka ya upangaji sasa ni ya manispaa au jiji. Wameshuka kutoka kwenye ubia hadi kwenye kuombwa maoni, na tangazo la mkutano, kabla na baada, linaweza kusomeka neno kwa neno sawa: ushirikishwaji wa wananchi. Afisa mipango anayeandika tangazo hilo ana maneno mawili mepesi ya kuchagua, “idhini ya wakazi” au “maoni ya wakazi”, na mkazi ana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo linalomngoja kabla hajafunga kibanda chake mchana kutwa ili aende kikaoni.