Bilioni za Jukwaani na Bahasha ya Kaki: Siasa za Mikopo ya Elimu ya Juu Zinavyoonekana kutoka Chamwino

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, stesheneri za Chamwino hugeuka ofisi za serikali zisizo na bendera. Kijana aliyemaliza kidato cha sita huingia na bahasha ya kaki. Ndani yake mna cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, picha ndogo, nakala ya kitambulisho cha mdhamini na, kama ni yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Mwenye stesheneri humjazia fomu mtandaoni na kuichapa. Kijana huibeba hadi kwa viongozi wa kijiji igongwe muhuri, kisha kwa wakili au hakimu igongwe mwingine, halafu huirudisha iskaniwe na kupandishwa tena mtandaoni. Ada ya maombi ni shilingi 30,000. Kwa kaya ya vijiji vya Handali au Idifu inayoishi kwa uwele, mtama na alizeti, fedha hiyo ni nafaka inayotolewa ghalani kabla bei haijapanda.

Kijana huyo ni jirani wa dola. Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa tarehe 20 Mei 2023. Bunge liko Dodoma mjini, kilomita zipatazo 30 kwa barabara ya Morogoro, na Chuo Kikuu cha Dodoma kimetanda kwenye vilima vya Chimwaga tangu 2007. Hata ukumbi wa Chimwaga una historia yake: hapo ndipo chama tawala, CCM, kilipompitisha Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995, na baadaye chama kikauachia chuo. Katika eneo hili dogo, sera ya elimu hutungwa, hupingwa, hutetewa na kutekelezwa.

Hoja ya makala haya ni kwamba ukosoaji wa kivyama dhidi ya sera za elimu, unaobezwa mara kwa mara kuwa kelele za kusaka kura, umekuwa kitalu cha sera zenyewe. Mengi ambayo serikali hujivunia leo yaliwahi kuitwa ndoto za wapinzani. Hata hivyo, ukosoaji huo una ugonjwa mmoja ulioambukizwa pande zote mbili: hupenda kuhesabu mabilioni, na haumfuati mwombaji na bahasha yake, wala mdaiwa na hati yake ya mshahara.

Ugomvi kuhusu deni la msomi kwa taifa haukuanza na vyama vingi. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, likiwemo la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi cha utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Swali lililoulizwa siku ile lingali hai: aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima alipe kiasi gani, lini, na nani apange?

Kwa miongo kadhaa jibu lilikuwa kwamba serikali inabeba karibu kila kitu. Uchangiaji gharama ulipoingia kwa awamu katika miaka ya 1990, jibu lilianza kubadilika, na Sheria Namba 9 ya 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Mwanafunzi akawa mdaiwa, na mdaiwa akawa mpiga kura.

Mwaka 2010, mgombea urais wa CHADEMA, Dk. Willibrod Slaa, alizunguka nchi akiahidi elimu ya bure. Upande wa chama tawala ulimjibu kwamba hayo hayatekelezeki. Miaka minne baadaye, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka elimumsingi bila ada. Katika uchaguzi wa 2015 Edward Lowassa, akiwa sasa upinzani, aliitaja elimu kuwa kipaumbele chake cha kwanza, cha pili na cha tatu. Januari 2016 serikali ya John Magufuli ilianza kutekeleza elimu bila malipo hadi kidato cha nne, na katika mwaka wa fedha 2022/23 serikali ya Samia Suluhu Hassan ikafuta ada ya kidato cha tano na sita. Kilichokuwa porojo kimekuwa ilani, na ilani imekuwa bajeti. Hakuna aliyemtaja mwenye mbegu.

Lakini kitalu kinahitaji uwanja wa kupandikiza, na uwanja huo ni Bunge. Mwezi Mei 2016, wanafunzi 7,802 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati waliamriwa kuondoka Chuo Kikuu cha Dodoma kwa notisi ya muda mfupi sana, baada ya walimu wao kugoma kufundisha kwa madai ya malipo. Vijana walionekana kituo cha mabasi na masanduku yao, wengine bila nauli. Mbunge wa CHADEMA, Joshua Nassari, alitaka Bunge liahirishe shughuli zake lijadili suala hilo. Naibu Spika Tulia Ackson alikataa, wapinzani wakatoka, na kwa wiki kadhaa wakawa wanasusia vikao alivyoviongoza. Siku chache baadaye Rais Magufuli aliwaita wanafunzi hao vilaza, akihoji walivyoingia chuo kikuu bila sifa.

Hoja ya serikali kuhusu sifa haikuwa ya kupuuzwa. Hata hivyo programu ile ilianzishwa na serikali yenyewe kuziba pengo la walimu wa sayansi, na wanafunzi waliitikia tangazo halali. Mjadala ulionyimwa nafasi ungeuliza mambo ya msingi: nani aliidhinisha vigezo vya kujiunga, na nani atabeba deni la aliyekopeshwa kwa masomo yaliyokatishwa. Badala yake kilichobaki kwenye kumbukumbu ya umma ni neno moja la kejeli na picha ya wabunge wakitoka nje.

Mwaka huohuo ndipo lilipokuja suala zito zaidi, nalo lilipita kwa kelele chache. Marekebisho ya sheria yalipandisha makato ya marejesho ya mkopo kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara, yakiwagusa hata waliosaini mikataba chini ya masharti ya zamani. Juu yake kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa.

Hesabu ya mtu mmoja inaeleza zaidi kuliko bajeti nzima. Chukua mwalimu mwenye shahada, mshahara wa shilingi 716,000 kwa mwezi na deni la milioni 8. Kwa makato ya asilimia 8 alilipa 57,280 kwa mwezi, yaani 687,360 kwa mwaka. Tozo ya asilimia 6 peke yake ilikuwa 480,000. Kwa hiyo, katika kila shilingi kumi alizokatwa mwaka wa kwanza, karibu saba zilikwenda kwenye tozo na tatu tu ndizo zilizopunguza deni. Kwa asilimia 15 makato yalifika 107,400 kwa mwezi. Deni lilianza kushuka kwa kasi, lakini mshahara ukabaki na tundu jipya kabla ya kodi ya nyumba, nauli na ndugu wa kijijini. Na huyo ndiye mwenye bahati. Aliyekaa mtaani miaka mitano bila ajira aliongezewa adhabu ya 800,000 na tozo isiyopungua milioni 2.4, kwa kosa la kutoajiriwa.

Tozo hiyo ililalamikiwa na vyama vya wafanyakazi, wanufaika na wabunge wa pande zote. Rais Samia aliifuta katika sherehe za Mei Mosi 2021 jijini Mwanza, na adhabu ya asilimia 10 ikafuata mwaka huohuo. Yalikuwa mageuzi ya kweli, yenye manufaa yanayoonekana kwenye hati ya mshahara. Yalikuja, hata hivyo, katika Bunge lililotokana na uchaguzi wa 2020, ambamo upinzani haukufikisha idadi ya kuunda Kambi Rasmi ya Upinzani. Kiti cha waziri kivuli wa elimu, alichokalia Susan Lyimo wa CHADEMA katika Bunge lililotangulia, kikabaki bila mtu. Hakukuwa tena na hotuba mbadala ya bajeti ya elimu iliyoingia kwenye Hansard kwa utaratibu.

Pengo hilo lilijazwa na lugha ya hisani. Fedha za mikopo zilipopanda kutoka bilioni 464 hadi 570 katika mwaka wa fedha 2021/22, na fedha ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipotoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, majukwaa yalisema Rais ametoa. Neno hilo linastahili kusimamishwa njiani na kukaguliwa. Mkopo hurudishwa. Sehemu ya fedha anayokopeshwa kijana wa leo imetoka kwenye mshahara wa mwalimu aliyekatwa asilimia 15. Mdaiwa anapogeuzwa mpokea zawadi, hupoteza haki ya kuuliza maswali ya mkopeshaji wake.

Upinzani nao una la kujibu. Ahadi ya elimu ya bure hadi chuo kikuu hutamkwa kwa sauti kubwa, na chanzo cha fedha hunong'onezwa. Tena si ahadi ya usawa kama inavyosikika. Katika vijiji vikavu vya uwanda wa kati wapo watoto wanaoacha shule wakichunga ng'ombe, au kwa kukosa chakula mwaka wa ukame, kabla ya kufika kidato cha nne. Kodi yote ikielekezwa kufuta ada ya chuo kikuu, wa kwanza kufaidika ni waliokwisha kuvuka vizingiti hivyo, wengi wao watoto wa mjini.

Nchini Kenya mvutano kama huu ulikwenda njia nyingine. Mfumo mpya wa kugharimia vyuo vikuu, uliotangazwa na Rais William Ruto mwaka 2023, uliwagawa wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia. Wanafunzi walilalamika kuwa wamewekwa makundi yasiyo yao, asasi za kiraia zikaenda mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kuwa mfumo huo unakiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa. Hata hivyo, kiini cha sera, yaani namna ya kupima umaskini wa mtu, kilichambuliwa hadharani kwa ushahidi wa pande mbili.

Kwa Tanzania, ukosoaji wenye tija ungeshuka kutoka kwenye jumla hadi kwenye kanuni. Ungedai kiwango cha kipato ambacho chini yake mdaiwa hakatwi, kama Australia ilivyofanya tangu 1989. Ungedai Bodi ichapishe kila mwaka, wilaya kwa wilaya, idadi ya walioomba, waliopata, waliopata kwa asilimia ngapi na waliokosa kwa sababu ya hati. Takwimu za Chamwino zikiwekwa kando ya za Kinondoni zingempa mbunge wa chama chochote hoja ya kusimamia.

Zingeonesha pia jambo ambalo mwenye stesheneri analijua bila utafiti. Baadhi ya waombaji hawaonekani kwenye orodha yoyote ya waliokosa, kwa sababu hawakuwahi kubonyeza kitufe cha mwisho. Cheti cha mzazi hakikupatikana, hakimu alikuwa na kesi siku nzima, au nafaka iliyouzwa haikufika shilingi 30,000. Bahasha zao za kaki zimerudi nyumbani, juu ya kabati au chini ya godoro, zikingoja dirisha la mwaka ujao.