Gari Iliyotuleta Hatuna Foto Yake



Jumapili nyingi, saa kumi hivi, jua likishapoa, tunakaa kando ya barabara ya Ggaba pale Kansanga na kupiga foto za magari. Hatupigi harusi, wala hatujipigi wenyewe. Ni magari tu: ambulansi, zimamoto, pikapu za umeme, boza za maji, taksi, mabasi, makamio. Simu nzuri ni moja, zingine mbili kioo kimepasuka. Foto ikishapigwa, mmoja wetu anaandika kwenye daftari: siku, saa, mahali, namba ya gari, na maneno yaliyo kwenye mlango.

Watu wanacheka. Mama mmoja anayekaanga chapati hapo karibu alituuliza, "Wanangu, hiyo kazi inawapa shilingi ngapi?" Tukamwambia hata moja. Akatuhurumia, akatupa chapati mbili. Basi tuseme inalipa kidogo.

Tunataka kueleza kwa nini tunaita kitu hiki historia, na si mchezo wa vijana wasio na kazi (ingawa kazi kweli hatuna, wengi wetu).

Tuanze na umeme. Zamani nchi hii ilikuwa na shirika moja la umeme, Uganda Electricity Board. Sheria ya 1999 ikaja, na mwaka 2001 shirika likagawanywa mara tatu: wa kuzalisha, wa kusafirisha, wa kugawa kwa watu. Kazi ya kugawa ikakodishwa kwa kampuni ya Umeme kuanzia Machi 2005, kwa miaka 20. Jina hilo lilitufurahisha sana sisi tulioingia na Kiswahili chetu kutoka Kongo. Mtu wa Kampala anayesema Kiswahili ni cha askari, hakitaki kabisa, kumbe kila giza likiingia anaita neno letu kwa hasira! Tarehe 31 Machi 2025 mkataba ukaisha, na kampuni ya serikali, UEDCL, ikachukua kazi.

Sasa fikirieni pikapu yenye ngazi juu na neno "Umeme" ubavuni. Miaka 20 ilipita hapa, na nani aliigeuzia shingo? Ilikuwa kama jiwe la barabarani. Sisi tuliipiga foto mwezi wa pili 2025, mafundi wawili wakiwa juu ya nguzo, mmoja akiwa na kofia ya rangi tofauti na mwenzake. Hatukujua kama tunafanya jambo. Miezi michache baadaye tukatazama tena ile foto tukaona imekuwa ya zamani, kama foto ya babu. Hapo ndipo tulianza kuandika daftari kwa uangalifu.

Na mabasi je? Wazee wa hapa wanataja UTC, Uganda Transport Company, mabasi yenye ratiba na tiketi. Mwaka 1972 Idi Amin alifukuza Waasia, biashara zikaanguka, vipuri vikakosekana, na kidogokidogo mabasi yakaisha barabarani. Nafasi yake ikajazwa na watu binafsi wenye gari ndogo. Kule Kenya nao walikuwa na matatu, jina lililotoka kwenye nauli ya senti thelathini, yaani mapeni matatu, na mwaka 1973 Rais Kenyatta akaziruhusu kubeba watu bila leseni ya mabasi. Hapa Kampala wakaiita kamunye, jina la mwewe kwa Kiluganda, ju inashuka na kunyakua abiria kama kifaranga. Aliyewahi kusimama kwenye stegi ya Kabalagala na mzigo mkononi hahitaji maelezo zaidi.

Taksi ya Kampala ni nyeupe, ina mstari wa miraba ya bluu kiunoni, abiria 14 kwa sheria. Lakini angalieni karibu zaidi, maana hapa ndipo foto inasaidia. Zingine bado zina maandishi ya Kijapani mlangoni, hazikufutwa vizuri. Yaani hii gari ilikuwa na maisha mengine, labda ilibeba wageni wa hoteli au watoto wa shule ya chekechea, ikauzwa, ikapanda meli, ikashuka Mombasa, ikafika Ggaba Road. Namba nayo inasema: UAA ni mzee, UB ni kijana, ya serikali inaanza na UG, ya polisi na UP. Lakini umri huo ni wa kuandikishwa Uganda tu. Gari inaweza kuwa na namba mpya na mifupa ya zamani. Sisi wakimbizi tunalielewa jambo hilo haraka: karatasi inasema ulianza kuishi siku uliyoandikishwa.

Mwaka 2012 yalikuja mabasi makubwa ya Pioneer, 100, watu wakasema taksi zimekwisha. Mwisho wa mwaka uliofuata yalikuwa yamesimama kwa ugomvi wa kodi. Hatuna foto yake hata moja, wakati huo tulikuwa watoto. Tungelipia chapati kumi kupata moja.

Hobi yenyewe si yetu. Uingereza kulikuwa na kijana wa ofisi ya reli, Ian Allan, aliyechoka kujibu barua za watu wanaouliza habari za treni. Mwaka 1942 akachapisha kijitabu cha namba za vichwa vya treni, kikaisha haraka, na watoto wa kule wakaanza kusimama stesheni na penseli. Mwaka huohuo wa 1942, vita ikiendelea, Uganda ilianza kupokea wakimbizi Wapoland. Ndiyo, Wazungu wakimbizi! Walikuwa wamepelekwa Urusi kwa nguvu, wakatolewa kupitia Iran, wakapanda meli mpaka pwani ya Afrika Mashariki, na kutoka huko wakaletwa bara. Maelfu yao waliwekwa kambi mbili: Nyabyeya upande wa Masindi, na Koja upande wa Mukono, kando ya ziwa hilihili linaloonekana ukifika Ggaba. Walikaa mpaka vita ikaisha na miaka kidogo zaidi. Kanisa walilojenga Nyabyeya lipo hadi leo. Na walipiga picha, nyingi, wajukuu wao wanazo na wanazionyesha. Mjukuu wa Mpoland aliyeko nchi ya mbali anaweza kuona kambi ya bibi yake ya Uganda. Sisi tulioishi kambi za Uganda miaka hii, wakati kila mtu ana simu, hatuna.

Hilo ndilo linalotuuma.

Wengine wetu tulivuka Bunagana Julai 2012, M23 walipouchukua ule mji. Tukalala Nyakabande, pale Kisoro, kisha tukapelekwa Rwamwanja. Wengine walivuka 2022, mji ulipochukuliwa tena mwezi wa sita, wakapelekwa Nakivale. Tuliwauliza wazazi: gari iliyotuleta ilikuwaje? Baba wa mmoja anasema basi jeupe. Mama yake anasema hapana, kamio la kijani lenye turubai, na mvua ilikuwa inaingia. Wamegombana mbele yetu kwa jambo hilo, kweli. Mwenzetu mwingine alipandishwa gari moja na dada yake mkubwa akapandishwa nyingine, kila moja ikaenda njia yake. Mwaka mzima kabla ya kuonana. Mama yao alipoulizwa dada kapanda gari gani, alikumbuka kitu kimoja: nyuma kwenye raba ya matope paliandikwa "Mungu ni Mwema". Magari mangapi ya Uganda yameandikwa hivyo?

Sasa, ndugu wa mashirika, msidhani kupiga foto ni rahisi. Mwaka jana mmoja wetu alikuwa anapiga ambulansi iliyosimama karibu na geti la ofisi moja. Askari akamwita. "Wewe! Kuja hapa. Nani amekutuma?" Akajibu hakuna, napenda magari. Jibu hilo liliharibu kila kitu. Nani anapenda ambulansi? Karatasi yake ya ukimbizi ikageuzwa huku na huku, simu ikachukuliwa, foto zote zikafutwa moja moja, zaidi ya mia tatu, yeye akiwa amesimama juani. Alirudi hakutaka kusema na mtu.

Tulikasirika. Baadaye mzee mmoja wa Kabalagala akatukumbusha tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia. Bomu lililipuka kwenye mgahawa wa Ethiopian Village palepale Kabalagala, na mengine kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo. Watu zaidi ya 70 walikufa. Alisema usiku ule ving'ora vilipita barabara hii hadi watu wakaacha kuhesabu. Askari wa geti anayemwona kijana mgeni akipiga foto ana sababu yake ya kuogopa. Bado tunaona alikosea kufuta. Lakini tangu siku hiyo tuna masharti: hatupigi gari ya jeshi, hatupigi geti, hatupigi ambulansi yenye mgonjwa, na mtu akiuliza tunamwonyesha daftari kabla hajaomba simu. Daftari limetuokoa mara mbili. Askari akiona kurasa za namba na tarehe anachoka kusoma, anaturuhusu.

Zile foto mia tatu hazikurudi. Ya pikapu ya Umeme ilipona ju ilikuwa imetumwa kwa WhatsApp kwa binamu aliyetaka kucheka ile kofia.

Wale wetu wanaojitolea Nakivale wameanza jambo jipya. Wageni wakifika na mabasi, wakishashuka wote na kupewa maji, tunaomba ruhusa kwa msimamizi wa zamu na kwa dereva, tunapiga gari tupu. Bila sura ya mtu. Tunaandika ilitoka wapi, saa ngapi, ilikuwa na nini cha kuitambua. Watoto wakiuliza tunawaonyesha: hii ndiyo iliyokuleta.

Ukurasa wa mwisho wa daftari unasema: Jumanne, saa tisa na robo. Basi jeupe, mstari mwekundu. Kioo cha dirisha la tatu kushoto hakipo, pamewekwa kipande cha boksi. Mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya mpira. Juu kuna magodoro sita na baiskeli moja ya mtoto, haina tairi la mbele.