Nani Aikopeshaye Serikali?

Watu wengi hudhani ya kuwa serikali haikopi, maana ina kodi na ushuru. Sivyo. Serikali hukopa kama mtu akopavyo, nayo hutoa hati fungani yenye ahadi mbili: kulipa faida kwa nyakati zilizowekwa, na kurudisha fedha yenyewe siku iliyotajwa. Basi yatupasa kuuliza: hati hizo zi mikononi mwa nani?

Pwani yetu ina habari ya zamani juu ya jambo hili. Mwaka 1888 Sayyid Khalifa bin Said wa Unguja aliikodisha kampuni ya Wadachi forodha za mrima kwa miaka 50. Watu wa Pangani wakakataa, wakapigana pamoja na Bushiri bin Salim, hata akanyongwa huko huko Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mwaka 1890 Sayyid Ali akawaachia Wadachi pwani hiyo kwa marki 4,000,000. Ili kuilipa bei hiyo na gharama zake nyingine, kampuni ilikopa marki 10,556,000 kwa faida ya 5 katika 100, hati zikauzwa Ujerumani. Nayo serikali ya Wadachi ikaahidi kuipa kampuni marki 600,000 kila mwaka katika mapato ya forodha.

Na tufikiri. Mwenye hati alikaa Ulaya. Mwenye kulipa alikuwa muuza pembe na mnunuzi wa kaniki, kila mzigo ulipopita forodhani Tanga au Pangani. Nchi ilinunuliwa, na wenyeji wakailipia bei yake.

Siku hizi Benki Kuu ya Tanzania huuza hati fungani kwa mnada, na wanunuzi wakubwa ni mabenki, mifuko ya pensheni na makampuni ya bima. Mtu mmoja naye aweza kununua, akiwa na shilingi 1,000,000. Lakini asiye nazo asidhani kwamba hayumo. Sisi waalimu hukatwa sehemu ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya uzee wetu, na mfuko huikopesha serikali baadhi ya fedha hiyo. Kwa hiyo twaidai serikali, na kwa kodi zetu twasaidia kujilipa.

Babu zetu walilipa deni wasilolikopa, wala hawakuulizwa. Sisi twaweza kuuliza: serikali imekopa kiasi gani, na kwa kazi gani? Dawa ya deni kulipa. Lakini alipaye na ajue hesabu yake. Waalimu wenzetu, tuwafundishe watoto hesabu hiyo.