Vyama vya Siasa vya Zanzibar, 1957–1963

Katika utaratibu wa baraza uliorithiwa kwa Waingereza, ambamo kila jimbo humchagua mjumbe mmoja tu na serikali huwa ya wenye wajumbe wengi, si lazima chama kilichopata kura nyingi ndicho kitawale. Jambo hilo visiwa vya Unguja na Pemba vililionja kwa uchungu katika muda wa miaka sita.

Hizbu, chama kilichoasisiwa 1955 na ambacho Sheikh Ali Muhsin Barwani alikuwa kiongozi wake mashuhuri, kilitangulia kwa matawi na magazeti. Afro-Shirazi, chini ya Abeid Amani Karume, kilizaliwa Februari 1957, na katika uchaguzi wa Julai ya mwaka huo Hizbu haikuambulia hata kiti kimoja kati ya 6. Uhasama haukukomea kwenye masanduku ya kura: wenye mashamba waliokuwa Hizbu wakawafukuza wakulima wa upande wa pili, na hao nao wakayagomea maduka na mabasi ya mahasimu wao, hata mazikoni watu wakasusiana. Mwishoni mwa 1959 Mohamed Shamte na wenzake wakajitenga na Afro-Shirazi, wakaunda ZPPP, chama kidogo ambacho nguvu zake zilikuwa Pemba.

Januari 1961, wanawake wakipiga kura kwa mara ya kwanza, Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 9 na ZPPP 3. Chake Chake ilikwenda kwa Afro-Shirazi kwa kura moja tu. Mpigakura mmoja angaligeuza nia, chama hicho kingalibaki na 9. Kisha wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaifuata Hizbu na mmoja Afro-Shirazi, ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Likaongezwa jimbo la 23, uchaguzi ukarudiwa Juni, na safari hii Hizbu na ZPPP wakaafikiana kutopingana majimboni: 10, 10 na 3. Fujo za siku zile ziliua watu 68. Aliyeongoza serikali ya mseto hakuwa wa chama kikubwa bali Shamte, kwani kijiwe kidogo ndicho kilichoinamisha mizani, na mwenyewe aliijua thamani yake.

Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31, maana kura zake zilirundikana katika majimbo ya Unguja iliyoyashinda kwa wingi usio na faida. Hizbu, yenye 12, na ZPPP, yenye 6, zikatawala kwa halali ya kanuni. Uhuru ulipatikana 10 Desemba, Shamte akiwa Waziri Mkuu. Serikali yake ilipinduliwa 12 Januari 1964, na Wazanzibari hawakupiga tena kura ya vyama vingi hadi 1995.