Kilima Kilichokuwa na Kamba

Nianze kwa kuungama. Theluji ninayoijua mimi ni ile inayoganda kwenye friza la mama mdogo, anayewauzia watoto wa shule barafu za ukwaju. Ile ya kumwangukia mtu kichwani sijaiona. Kwa hiyo, msomaji, ukiniuliza, "Wewe mtoto wa Temeke, mchezo wa skii unakuhusu nini?" nitakujibu kuwa mchezo wenyewe wala haunihusu. Kinachoninyima usingizi ni vile vilima walivyovitelekeza.

Iko hivi. Kaskazini mashariki mwa Marekani, katika majimbo wanayoyaita kwa pamoja New England, kuna zaidi ya viwanja 600 vya kuteleza kwenye theluji ambavyo vimekufa. Usidhani ni vile vya kwenye filamu, vyenye mahoteli na mabibi waliovaa manyoya. Vingi vilikuwa vidogo hasa: kilima nyuma ya zizi la ng'ombe, kibanda cha kunywea kitu cha moto, na kamba. Basi.

Hiyo kamba ndiyo habari yenyewe. Zamani mtu aliyetaka kuteleza mara moja ilibidi kwanza apande kilima kwa miguu yake mwenyewe. Unahema nusu saa, unateleza dakika mbili, unaanza upya. Mjini Woodstock, jimbo la Vermont, Bob na Betty Royce walikuwa na nyumba ya wageni, na wageni wao kutoka New York walichoshwa na kazi hiyo ya punda. Kule Quebec, Kanada, kulikwisha kuwa na kamba inayovuta watu mlimani. Akina Royce wakaona, kwa nini sisi tusiwe nayo? Wakakodi mteremko wa mkulima mmoja, Clinton Gilbert, wakafunga kamba inayozunguka kwenye magurudumu, wakaiendesha kwa injini ya Ford Model T. Januari 1934 ikaanza kazi, ya kwanza katika Marekani nzima. Unaishika kwa glavu, inakukokota mpaka juu. Ikikuponyoka, shauri yako.

Ebu fikiria maana yake. Kumbe mtambo wa kupandisha watu mlimani unaweza kutengenezwa na fundi wa gari! Kila mwenye mteremko na gari bovu akaanza kujiona meneja. Wakulima, walimu, klabu za vijana, mabaraza ya miji midogo, wote wakafunga kamba zao.

Wenye fedha nao hawakulala. Mwaka 1936 shirika la reli la Union Pacific lilikuwa linajenga mji wa starehe huko Sun Valley, jimbo la Idaho, nalo likataka kitu cha heshima kuliko kamba. Mhandisi wao James Curran aliwahi kushughulika na mitambo ya kupakia ndizi melini, ile ambayo mikungu huning'inia kwenye ndoano zinazotembea juu ya waya. Bwana yule akaondoa ndoano akaweka kiti, akaondoa mkungu akaweka mtu. Ndiyo asili ya lifti ya viti unayoiona kwenye picha zote za skii. Wahaya mpo? Mchezo wa watu wa baridi unadaiwa na mgomba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yakachanganya. Askari wa Divisheni ya 10 ya Milimani, waliofundishwa skii huko Colorado na kupigana Italia mwaka 1945, walirudi nyumbani na ugonjwa wa milima, wakasambaza mchezo. Hogback Mountain, huko Marlboro, Vermont, ilifunguliwa 1946, na kwa miaka 40 familia za jirani zilifundishia watoto wao pale.

Halafu kifo. Hakikuja siku moja. Oktoba 1973 Waarabu walifunga mabomba ya mafuta. Petroli ikaadimika, na mtu hawezi kuendesha gari kwenda mlimani kwa hamu tupu. Majira ya baridi yaliyofuata theluji ikawa haba, na ya 1979 kuingia 1980 yakawa mabaya zaidi. Viwanja vikubwa vilijiokoa kwa mashine za kutengeneza theluji, ufundi uliobuniwa Connecticut mwaka 1950, lakini mabomba na pampu zake ni fedha. Mkulima wa kamba angezipata wapi? Tena kulikuwa na kesi. Mwaka 1974 kijana mmoja mwanafunzi wa mchezo alianguka Stratton, Vermont, akapooza. Mwaka 1977 akatunukiwa dola milioni 1.5, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya jimbo ikakubali. Sisemi hakustahili. Nasema tu kwamba bima ilipanda kwa wote, mkubwa na mdogo.

Rafiki yangu mmoja, tukiwa kijiweni, alinicheka: "Hayo ni magofu ya starehe. Nenda Kilwa ukaone magofu ya maana." Nilimwuliza: leo tiketi ya siku moja pale Vail, Colorado, inaweza kupita dola 200. Mtoto wa fundi bomba wa Marlboro atajifunzia wapi? Akanyamaza, akaagiza kahawa.

Ndiyo maana ninampenda Jeremy Davis. Utotoni alikuwa akipita na wazazi wake huko New Hampshire, anauona Mount Whittier umekufa. Mlima huo ulikuwa na vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, vikivuka juu ya barabara kuu. Ulifungwa miaka ya 1980, nguzo zikabaki zimesimama. Watu wazima walikuwa wanapita tu. Yeye akauliza: kulikuwa na nini? Mwaka 1998, akiwa bado kijana wa chuo, akaanza kukusanya ramani za zamani, postikadi, vipeperushi na kumbukumbu za wazee. Hakuna aliyemtuma. Mradi wake ndio uliofikisha hesabu ile ya 600 na ushei, na vitabu vikafuata kuanzia 2008.

Wanaotembelea vilima hivyo wanasema kwanza usitafute jengo. Tafuta miti. Msitu wa zamani una miti minene ya kila umri. Ghafla unakuta ukanda ulionyooka kuelekea juu, miti yake myembamba, rika moja, kama kidato kimoja kimepangwa mstarini. Hapo ndipo watu walipoteleza. Fuata ukanda huo utakuta gurudumu la chuma limekumbatiwa na shina, au injini ya gari imekaa peke yake porini, na hakuna barabara iliyoileta.

Hogback ilifungwa 1986. Wakazi walichangishana ili mlima usiuzwe vipandevipande, na ardhi ikawa mali ya mji wao. Siku hizi watu wa kujitolea hupanda na misumeno na mapanga kufyeka baadhi ya njia za zamani. Lifti hakuna. Anayetaka kuteleza anapanda kwa miguu, nusu saa, mbao begani.