Mfumo wa umeme wa mtambo wa uingizaji hewa

Mfumo wa umeme wa mtambo wa uingizaji hewa ni jumla ya vifaa na nyaya zinazolisha, kulinda na kuongoza mashine inayoingiza hewa safi ndani ya jengo na kutoa hewa chafu nje. Mtambo wenyewe kwa kawaida ni sanduku kubwa la bati lenye feni, vichujio, koili za kupasha au kupoza hewa, pamoja na milango ya hewa inayoitwa dampa. Mitambo ya aina hii hupatikana katika hospitali, viwanda, hoteli, maabara, kumbi za mikutano na majengo makubwa ya ofisi.

Mfumo huo una sehemu mbili. Saketi ya nguvu hupeleka umeme mkubwa kwenye mota za feni na vipashio. Saketi ya udhibiti hutumia umeme mdogo kuamua mota iwake lini, izunguke kwa kasi gani na izimwe kwa sababu gani. Kosa katika saketi ya nguvu huweza kuunguza mota au kuua mtu. Kosa katika saketi ya udhibiti mara nyingi halionekani hadi siku jengo linaposhika moto au feni moja inaposimama hospitalini.

## Historia

Msingi wa mitambo hii ni mota ya umeme wa mkondo geu. Nikola Tesla alipata hataza za mota ya aina hiyo nchini Marekani mwaka 1888. Mwaka 1889 Mikhail Dolivo-Dobrowolsky, mhandisi wa kampuni ya AEG nchini Ujerumani, alitengeneza mota ya fezi tatu isiyo na brashi, ambayo muundo wake unatumika hadi leo. Mwaka 1902 Willis Carrier alibuni mfumo wa kudhibiti unyevu wa hewa katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, na tangu hapo feni, koili na vidhibiti vilianza kufanya kazi kama mashine moja.

Kwa miaka mingi kasi ya feni ilibadilishwa mara nyingi kwa mikanda na puli. Mwaka 1968 kampuni ya Danfoss ya Denmark ilianza kuzalisha kwa wingi vifaa vya kubadilisha kasi ya mota kwa njia ya elektroniki. Lugha za mawasiliano kati ya vifaa zilifuata: Modbus mwaka 1979 na BACnet mwaka 1995.

## Umeme wa kulisha

Mitambo midogo hutumia umeme wa njia moja, na mikubwa hutumia umeme wa njia tatu, yaani fezi tatu. Nchini Tanzania kiwango ni volti 230 kwa njia moja na volti 400 kati ya fezi na fezi. Nchini Kenya ni volti 240 na 415. Masafa ni hezi 50 katika nchi zote mbili, ilhali Marekani hutumia hezi 60.

Umeme hupita kwanza kwenye swichi kuu, kisha kwenye kikatio cha umeme (sakiti breka) au fyuzi. Karibu na feni huwekwa swichi nyingine ya kutenganisha umeme, inayoweza kufungwa kwa kufuli. Fundi anayeingia ndani ya mtambo hufunga kufuli lake na kukaa na ufunguo, ili mtu aliye kwenye chumba cha paneli asiweze kuwasha feni bila kujua kuna mtu ndani.

## Uunganishaji wa mota

Mota ya fezi tatu ina koili tatu, ambazo huunganishwa kwa nyota au kwa delta. Uamuzi hutegemea kibao cha mota:

* Mota iliyoandikwa 230 V delta / 400 V nyota huunganishwa kwa nyota kwenye umeme wa volti 400.
* Mota iliyoandikwa 400 V delta / 690 V nyota huunganishwa kwa delta kwenye umeme huohuo.

Mota ya kwanza ikiunganishwa kwa delta kwenye volti 400, kila koili hupata volti 400 badala ya 230, na mota huungua kwa muda mfupi. Mota ya pili ikiunganishwa kwa nyota, hukosa nguvu ya kutosha na hupata joto inapobebeshwa mzigo wake kamili.

Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta kwa muda mfupi mkondo ulio takriban mara 5 hadi 8 ya mkondo wake wa kawaida. Ili kupunguza mshtuko huo, mota kubwa huanzishwa kwa nyota kisha kuhamishiwa delta. Njia hii hupunguza mkondo wa kuanzia hadi theluthi moja, lakini nguvu ya kuzungusha nayo hushuka hadi theluthi moja.

### Mwelekeo wa mzunguko

Kubadilishana nafasi kwa fezi mbili zozote hugeuza mwelekeo wa mota. Feni ya mhimili, iliyo kama propela, ikizunguka kinyume hupuliza hewa upande usiotakiwa, na kosa huonekana mara moja. Feni ya sentrifugo ni tofauti: hata ikizunguka kinyume huendelea kusukuma hewa upande uleule, ila kwa kiasi kidogo sana. Kwa sababu hiyo mtambo unaweza kufanya kazi kwa muda mrefu ukiwa umeunganishwa vibaya, huku watumiaji wakilalamika kwamba hewa haitoshi. Mwelekeo hukaguliwa kwa kutazama mshale ulio kwenye kasha la feni, si kwa kuweka mkono mbele ya tundu la hewa.

### Ulinzi wa mota

Kikatio cha umeme hulinda kebo dhidi ya shoti, lakini hakitoshi kulinda mota. Mota ya kilowati 4 kwenye volti 400 huvuta takriban ampea 8. Ikilindwa na kikatio cha ampea 16 peke yake, inaweza kuvuta ampea 12 hadi ikaungua bila kikatio kukata. Kwa hiyo huongezwa rilei ya mzigo kupita kiasi, inayorekebishwa kulingana na mkondo ulioandikwa kwenye kibao cha mota.

Hatari nyingine ni kupotea kwa fezi moja. Mota iliyokwisha kuanza huendelea kuzunguka kwa fezi mbili, lakini mkondo katika nyaya zilizobaki huongezeka na koili hupata moto. Rilei ya kukagua fezi huzima mota kabla ya madhara hayo.

## Saketi ya udhibiti

Kifaa kikuu cha kuwasha mota ni kontakta. Ndani yake kuna koili ambayo, ikipata umeme, huvuta sumaku na kufunga miguso mitatu mikubwa inayopitisha umeme wa mota. Koili huwa na alama A1 na A2. Miguso midogo ya kusaidia huwa na namba: 13 na 14 kwa mguso ulio wazi kwa kawaida, 21 na 22 kwa mguso uliofungwa kwa kawaida. Rilei ya mzigo kupita kiasi hukata umeme wa koili ya kontakta kupitia namba 95 na 96.

Saketi rahisi huwa na kitufe cha kuzima na kitufe cha kuwasha. Kitufe cha kuwasha kikibonyezwa, kontakta hufunga, na mguso wa 13 na 14 huendelea kuipa koili umeme hata kitufe kikiachiwa. Huu huitwa mshikilio wa kujitegemea. Faida yake ni kwamba umeme ukikatika na kurudi, feni haiwaki yenyewe. Katika mitambo inayoongozwa na kidhibiti cha elektroniki, feni huweza kuwaka yenyewe baada ya umeme kurudi, na kwa hiyo ni lazima kuwe na kibao cha tahadhari.

Saketi za udhibiti hutumia mara nyingi volti 24 kutoka kwenye transfoma ndogo. Mfuatano wa kawaida wa kuwasha mtambo ni huu:

1. Kidhibiti huamuru dampa ya hewa ya nje kufunguka.
2. Dampa ikifika mwisho, swichi yake ya mwisho hufunga saketi.
3. Feni huruhusiwa kuwaka.
4. Kihisi cha tofauti ya shinikizo huthibitisha kwamba hewa inapita kweli.
5. Koili za kupasha au kupoza huruhusiwa kufanya kazi.

Hatua ya nne ni muhimu kwa kipashio cha umeme. Kontakta ya feni ikifunga hakuna uhakika kwamba hewa inapita, kwa sababu mkanda wa feni unaweza kuwa umekatika. Kipashio kikiendelea bila hewa huweza kusababisha moto. Kwa hiyo hupewa pia vikatio viwili vya joto, kimoja kinachojirudisha chenyewe na kingine kinachorudishwa kwa mkono tu. Mtambo unapozimwa, kipashio huzimwa kwanza na feni huendelea kwa muda ili kuondoa joto lililobaki.

## Vihisi na ishara

Kihisi cha joto cha aina ya Pt1000 huwa na ukinzani wa omu 1000 kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, na huongezeka kwa takriban omu 3.85 kwa kila nyuzi moja. Waya mrefu na mwembamba huongeza ukinzani wake kwenye kipimo, na kidhibiti huona joto kubwa kuliko lililopo.

Ishara za kuongoza dampa na vali huwa za volti 0 hadi 10, au za miliampea 4 hadi 20. Aina ya pili ina faida moja kubwa: waya ukikatika, mkondo hushuka hadi 0, na kidhibiti hutambua hitilafu. Katika ishara ya volti 0 hadi 10, waya uliokatika huweza kufanana na amri ya kufunga kabisa.

Katika nchi zenye baridi kali, koili ya maji moto hulindwa na termostati ya barafu. Joto likikaribia nyuzi 5, termostati huzima feni, hufunga dampa ya nje na kufungua vali ya maji moto yote, ili maji yasigande na kupasua mabomba. Katika pwani ya Afrika Mashariki kinga hiyo haihitajiki. Huko shida kubwa ni unyevu: swichi ya kuelea huwekwa kwenye sinia la maji yanayodondoka kutoka koili ya kupoza, na viungo vya nyaya hulindwa dhidi ya kutu inayoletwa na hewa ya chumvi.

## Kigeuza masafa

Kigeuza masafa (invata) hubadilisha umeme wa mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, kisha huutengeneza upya kwa masafa yanayotakiwa. Kwa njia hiyo kasi ya feni hupandishwa na kushushwa. Nguvu inayohitajika na feni hufuata kasi kwa kipeo cha tatu: kasi ikishushwa hadi asilimia 80, nguvu hushuka hadi takriban asilimia 51. Ndiyo sababu kifaa hiki huokoa umeme mwingi.

Kifaa hiki kina masharti yake:

* Kebo kati yake na mota huwa na kinga ya matundu ya waya, inayounganishwa na ethi pande zote mbili.
* Kubadilishana fezi upande wa kuingia hakugeuzi mwelekeo wa mota. Hubadilishwa upande wa kutoka au kwenye mipangilio.
* Kapasita zake hubaki na umeme wa kuua baada ya swichi kuzimwa. Fundi husubiri dakika zilizoandikwa kwenye kifaa, kisha hupima kabla ya kugusa.

## Moto na hospitali

Mtambo wa kawaida huzimwa jengo linaposhika moto, ili usisambaze moshi vyumbani. Ishara ya king'ora huunganishwa kwa mguso uliofungwa kwa kawaida. Waya ukikatika, mtambo huzimika wenyewe na hitilafu hugunduliwa. Feni za kutoa moshi hufuata kanuni iliyo kinyume: ni lazima ziendelee kuzunguka, na kebo zake huwa za aina inayostahimili moto.

Katika chumba cha kutenga wagonjwa wa maradhi yanayoenea kwa hewa, kama kifua kikuu, shinikizo huwa chini kuliko la ukumbi wa nje. Feni ya kuingiza hewa huruhusiwa kuwaka ikiwa tu feni ya kutoa inafanya kazi. Kiungo hicho kikikosekana na feni ya kutoa ikasimama, hewa yenye vijidudu husukumwa kuelekea kwa wauguzi na wageni. Katika chumba cha upasuaji hali ni kinyume: shinikizo huwa juu ili hewa chafu isiingie.

## Rangi za nyaya

Rangi za sasa za kimataifa kwa fezi tatu ni kahawia, nyeusi na kijivu; nyutro ni buluu, na ethi ni kijani yenye mistari ya njano. Majengo ya zamani ya Afrika Mashariki yalifuata rangi za kale za Uingereza: nyekundu, njano na buluu kwa fezi, nyeusi kwa nyutro, kijani kwa ethi. Hivyo waya mweusi ulikuwa nyutro na sasa ni fezi, na waya wa buluu ulikuwa fezi na sasa ni nyutro. Mahali ambapo mtambo mpya unaunganishwa na nyaya za zamani, rangi haitoshi kuwa ushahidi. Ni lazima kupima.

Kebo za nguvu hutenganishwa na kebo za ishara. Pale zinapolazimika kukutana, hukatizana kwa pembe mraba ili kupunguza mwingiliano.

## Ukaguzi

Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, hupimwa mwendelezo wa waya wa ethi, kisha ukinzani wa kihami kwa volti 500 za mkondo mnyoofu. Matokeo hayapaswi kuwa chini ya megaomu 1. Kigeuza masafa, kidhibiti na vihisi hutenganishwa kwanza, kwa kuwa kipimo hicho huviharibu. Baada ya hapo hukaguliwa mpangilio wa fezi, mwelekeo wa feni, mkondo wa kila fezi na kila kinga kwa kuichokoza makusudi. Kinga isiyojaribiwa haihesabiwi kuwa ipo.

Kazi hizi hufanywa na mafundi wenye leseni. Nchini Tanzania leseni hutolewa na EWURA, na nchini Kenya na EPRA.

## Tazama pia

* Mota ya umeme
* Transfoma
* Kiyoyozi
* Mkondo geu